Mto wa Mawe

Gari liache hapo, kwenye kivuli cha ukuta,
si chini ya mkunazi: mbuzi wa Bi Thuwaiba
hupanda boneti wayafikie matawi.
Karibu Hujaifa. Hiyo barabara pana ya mawe
unayoishangaa ndiyo mto.

Usicheke. Nami nilicheka
siku niliposhushwa hapa, na miaka yangu tisa,
nimetoka Chake, kwenye mvua za kweli.
Nikamuuliza baba, maji yako wapi?
Akasema, yamesafiri.

Kwetu mto ni maji, na mto ni wa kulazia kichwa.
Hapa vyote viwili ni mawe.

Huu mfereji ni falaji, upana wa shubiri mbili.
Kijiti kile juani ndiyo saa yake.
Kivuli kikigusa jiwe la tatu, zamu ni ya kina Sulayyim;
la nne, yetu, nusu saa kamili.
Watu wawili walinuniana miaka kumi na mmoja
kwa unene wa kivuli.
Wamezikwa bega kwa bega, pale.

Mnara, kibao kinasema, ulilinda njia ya misafara.
Huenda. Bibi alisema ulijengwa kumkomoa jirani.
Panda ukitaka. Ngazi ya saba haipo.

Na hiki kisiki ni karafuu ya baba.
Alipanda mara tatu, ikafa mara tatu,
hiki cha mwisho akakataa kisingolewe.
Kwenye ramani ya watalii hakimo.

Kisha usiku mmoja maji yakarudi kutoka safari,
bila hodi.
Yakabeba maduka mawili, pikapu ya Hilal,
mitende sabini ya khalasi.
Mizani ya duka iliokotwa mbali kule bondeni
imeganda kwenye kilo mbili;
mpaka leo hatujui za nini.
Baba alisimama juu ya paa, kanzu imemganda mwilini,
akasema kwa Kiswahili,
lugha aliyokuwa ameiweka kabatini:
Haya. Yamefika.

Kunywa kahawa. Ukitosheka, kitikise kikombe,
la sivyo nitamimina hadi kesho.
Chumba cha wageni ni kile cha juu, kina feni.
Sisi tunalala huku chini,
sikio moja kwenye mto.