Mshika Ndoo

Wengine watakusimulia mkono wake wa kushoto.
Mimi nilishika ndoo, nitasema ya ndoo:
maji yaliingia ulingoni meupe
yakatoka rangi ya vumbi la Katuba.

Yaya Numbi alianza kwa kugombea mkokoteni.
Magunia ya makala, soko la Kenya,
jamaa mmoja akamvuta sikio; jamaa akalala.
Aliyekuja kumwinua yule jamaa
ndiye aliyekuwa kocha.

Miaka minne hakuna aliyemlaza chali.
Usiku alioutwaa mkanda walimbeba
kutoka uwanjani hadi kwa mama, mguu kiatu, mguu peku,
na mama, kwa kuwa ndiye mama,
alimuuliza kama amekula.

Tukala kweli. Bukari na nyama, matembele tukayasahau.
Wakaja binamu tusiowajua,
akaja mke, akaja mke wa pili, likaja gari
lililoishia mtaroni Ruashi pamoja na meno mawili ya mtu.
Miezi kumi na minane Kasapa.
Nilimpelekea chakula ndani ya ndoo ileile.
Alitoka mwembamba, anacheka kwa upande mmoja.

Kisha Kipushi. Ya Kipushi sisemi mengi.
Raundi ya tano aliiangukia ngumi
ambayo hata mtoto angeikwepa,
na bahasha ilikuwa nene, na mama alikuwa hospitalini.
Watu walitema mate mlangoni petu. Nilideki.
Mama alikufa vilevile.

Mkanda nikaupeleka kwa mnunuzi wa shaba.
Akaukwaruza kwa msumari, akautazama, akanirudishia.
"Dada, hili ni bati. Wamelipaka rangi."
Mji mzima umekaa juu ya shaba
na shaba haikufika kiunoni mwake.

Sikumwambia. Umetundikwa sebuleni,
mkwaruzo nimeufunika kwa kalenda ya mwaka uliopita.

Siku hizi ule mkono unatetemeka hata juu ya kijiko.
Majina yamemtoka, langu lilikuwa la mwisho.
Usiku huanguka kutoka kitandani, puu,
hubaki palepale sakafuni, macho darini,
akisikiliza umati ambao mimi siusikii.

"Refa amefika ngapi?"

Nainama na kitambaa chenye maji.
"Nne, yaya. Nne tu. Pumua kwanza."