Waya wa Ardhi

Tulianza na magodoro.
Mawili ya Ngosa, la tatu la kitanda changu mwenyewe
(nililala mkekani tangu Pasaka hadi mvua).
Tukayasimamisha ukutani, chumba cha uani, Katuba,
ambamo mama aliweka makala na madumu ya mawese.
Harufu haikutoka.
Hata leo nikiisikiliza sauti ile ya kwanza
ni mawese ninayonusa.

Kompyuta ilikuwa ya mkono wa tatu.
Kibodi yake haina M.
Kwa hiyo faili letu la kwanza linaitwa Wibo,
na Monga, mpiga gitaa, akaandikwa Onga,
na Onga amebaki, hata kwao wanamwita hivyo.

Maikrofoni moja, watu wanne, miezi saba.
Kabwita aliuza baiskeli, akasema ilikuwa mbovu.
Haikuwa mbovu.

Kisha waya. Muuzaji aliukwangua ganda kwa ukucha,
akanionyesha ncha inayong'aa:
"Shaba tupu, kaka. Ya ng'ambo."
Nikatazama juu ya bega lake:
bomba la moshi la kiwanda, limesimama bila moshi,
na kando yake kilima cheusi cha masalia ya madini.
Nikalipa dola kumi na tano
kumkomboa mtoto wa hapa hapa.

Umeme ulirudi saa saba za usiku.
Tukaamshana kwa vijiwe madirishani.
Ngosa alikuja na kitenge juu ya nguo za kulalia,
sauti bado ina usingizi, na ndivyo ilivyokuwa nzuri.
Nikabonyeza kitufe chekundu.
Mstari ukatembea kwenye kioo
kama siafu aliyepotezana na wenzake.

Tukasikiliza. Gitaa lipo. Ngosa yupo.
Na chini yao mgeni ambaye hatukumwalika:

mmmmmmmmmmmm

herufi ile ile iliyokosekana kwenye kibodi.

Tukamwinda. Tukazima taa.
Tukambishia Mama Kapinga azime friji yake;
alitutukana ukoo mzima, kisha akaizima.
Tukageuza waya, tukahamisha meza,
Kabwita akaapa ni mzimu wa makala.
Mmmmm.

Baba akatokea mlangoni
na koti la bluu la kiwandani,
lile ambalo mshahara wake wa mwisho haujafika mpaka leo.
Miaka ishirini na sita alilinda umeme wa tanuri.
Muziki wetu hakuwahi kuutaja, kwa wema wala kwa ubaya.
Akainamisha sikio. Wimbo hakuujali, alitega ule mlio.
"Hamsini kwa sekunde," akasema,
kama mtu anayemtambua mwenzake wa zamu kwa kikohozi.
"Waya wa ardhi hamna."

Saa tisa za usiku alikuwa anapigilia nondo
karibu na bomba la maji,
majirani wanalaani, yeye anahesabu mapigo.
Akamwaga chumvi. Akamwaga ndoo mbili.
Udongo mwekundu ukanywa polepole
kama mgonjwa anayeshawishiwa.
Akaokota kipande kilichobaki cha waya wangu wa ng'ambo,
akakimenya kwa meno, akakizungusha kwenye nondo,
akakaza mpaka mkono ukatetemeka.

"Jaribuni."

Nikabonyeza. Hakuna aliyepiga.
Hatukujua kama tunaruhusiwa.
Mstari ukalala kwenye kioo, umenyooka,
sekunde arobaini, nilizihesabu baadaye,
kimya ambacho Katuba haijawahi kunipa.
Halafu, mbali kidogo na maikrofoni,
baba anakohoa, anauliza:
"Sasa mbona hamwimbi?"

Wenzangu wanasema nikate hapo, wimbo uanze pale unapoanza.
Nimekata. Sikukitupa kipande.
Kibodi ni ile ile.
Faili linaitwa Kiya.