Njia ya Toroli

Nimeanzia pale mizani ilipokuwa,
kwenye sakafu ya saruji iliyopasuka
na mwati mmoja ukaota katikati bila kuomba ruhusa.
Njombe, Juni, saa moja asubuhi. Sakitu imelala majanini,
inalia chini ya buti kama mtu anayetafuna karanga.
Mfukoni nina kipande cha kazi cha babu:
Nyigu, Yeremia. Toroli namba kumi na saba. Mshika breki.
Wino umefifia. Alama ya dole gumba haijafifia.

Reli zenyewe hazipo. Hilo nililijua.
Kampuni ilipofunga kiwanda cha magome
watu waling'oa usiku,
halafu wakang'oa mchana,
mwisho akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake ya uongo,
akazoa hata misumari.
Kilichobaki ni unyoofu.
Huku kwetu hakuna kilichonyooka:
mto unazunguka, mpaka wa shamba una kesi,
ng'ombe wenyewe hufika zizini kwa kupindapinda.
Ukiona mstari, simama.
Kuna aliyelipwa kuuchora,
na kuna waliouchimba.

Lukelo, wa darasa la sita, ananifuata kwa kuwa shule imefungwa.
Anadhani natafuta madini.
Ananionyesha tuta: juu yake viazi, vimestawi kuliko vya bondeni,
maana kokoto hazituamishi maji.
Ananionyesha mataruma mawili kwenye kilabu cha ulanzi,
yamekuwa benchi, yameng'arishwa na makalio ya miaka arobaini.
Ananionyesha kengele ya shule:
futi mbili za reli zikining'inia kwenye waya.
Nikaokota jiwe, nikagonga mara moja.
Mbwa wakabweka hadi ng'ambo ya bonde.
Ni sauti ile ile, nadhani,
ila zamani ilikuwa chini, imelala, haina wa kuisikiliza
isipokuwa magurudumu.

Penye kona, Bi. Eda Mng'ong'o anapalilia maharage.
Kamwene. Kamwene.
"Hapa ndipo zilikuwa zinaruka," anasema bila kuinuka,
"mama alisimulia. Magome yalitapakaa mpaka mtoni,
maji yakawa mekundu siku mbili."
Simuulizi kuhusu watu.
Babu alirudi nyumbani na vidole vitatu mkono wa kushoto.
Viwili hakuwahi kuvitaja.
Aliposhika kikombe cha chai, sisi watoto tulitazama moto.

Nimepima kona kwa hatua: thelathini na nane.
Nimesimama katikati yake kwa muda,
sikuona kitu. Maharage. Kipepeo mweupe.
Nilitaka kulia, nikapiga chafya.

Baada ya hapo njia inapotea kwenye mipaini mipya,
inarudi, inakatwa na barabara ya malori,
inarudi tena upande wa pili kama mtu aliyesahau kofia.
Na hapo ndipo tulipowakuta wanawake wanne
na ndoo za parachichi kichwani, wanapeleka kwenye gari.
Kuna mkato, nikawaambia, pale, unashuka moja kwa moja.
Wakacheka.
"Mkato unaua magoti. Hii haichoshi."
Hawajui kuhusu toroli. Hawana haja.
Mlima huu ulishabembelezwa kwa sururu
hadi ukakubali mzigo,
na mzigo haujali nani ameubeba.

Nikawafuata nyuma.
Njia ilipoinama kuelekea daraja lisilokuwepo,
yule wa mbele, bila kufikiri,
aliegemea nyuma kidogo, akakaza kisigino,
mkono mmoja ukashika hewa pembeni ya kiuno
kama unaovuta mti wa breki.

Lukelo alikuwa amechutama, anachokoa udongo kwa kijiti.
Akaibuka na msumari, mnene kama kidole,
umeliwa na kutu upande mmoja.
Nikaunyoosha mkono wangu kuupokea.
Yeye kwanza akaupima uzito kiganjani, kulia, kushoto,
kisha akaniambia:
"Huu unauzwa."