Naomba

Asubuhi ya kwanza Magomeni nilisema, "Nipe maziwa,"
na duka zima likanyamaza.
Mangi aliendelea kupanga mikate,
mmoja, wa pili, wa tatu,
kana kwamba lililosema ni friji.
Nikarudia kwa sauti, nikidhani hasikii vizuri.
Mtoto aliyetumwa chumvi
akanivuta kidole: "Dada, sema naomba."

Naomba?
Kwetu Kisumu anayeomba hana.
Mimi nilikuwa nazo, noti mpya, mkononi.
Mkono wa kushoto, jambo ambalo pia
sikuambiwa siku ile. Niliambiwa Alhamisi.

Na Kiswahili nilikuja nacho, jamani!
Ngeli zote nazijua, hata ile ya pa-ku-mu.
Hakuna aliyenifundisha
kwamba neno laweza kuwa sahihi
na bado likaingia sebuleni kwa watu na viatu.

Hapa kabla ya bei kuna "umeamkaje",
baada ya umeamkaje kuna "za nyumbani",
na nyumbani kwa Mangi kuna mgongo wa mama mkwe
ambao lazima uulizwe hali
ndipo uuziwe kiberiti.
Nilichelewa kazini Gerezani wiki nzima.
Siku hizi naamka mapema:
dakika kumi ni za mgongo.

Mafundi wa kuchomea walikuwa wanakula, nikapita.
"Karibu," wakasema.
Nikakaribia. Nikanawa. Nikala.
Baadaye karani akanieleza, akijikaza asicheke,
kwamba jibu lilikuwa "asante, starehe".
Kesho yake nikapita nimeinamisha kichwa.
Walikuwa wanne. Vijiko vilikuwa vitano.

Shikamoo niliigawa kama vipeperushi.
Nikampa dereva wa bajaji, akashika breki:
"Dada, unanizeesha? Mimi wa tisini na nne!"
Nikamnyima Bibi Mwanaidi, nikamwambia "mambo".
Alinitazama muda mrefu,
kisha akajibu, taratibu, "Marahaba,"
akaipokea salamu ambayo sikuitoa,
nami nikaona aibu mpaka visiginoni.

Halafu Mzee Chande wa nyumba ya tatu akafariki.
Kanga, nilishajua. Nikashuka Kariakoo,
nikachagua yenye rangi ya kutulia, kahawia na nyeusi.
Sikuisoma. Nani husoma nguo?
Nikakaa mkekani na wanawake,
nikamenya vitunguu, nikalia nao,
machozi ya vitunguu na machozi yenyewe,
nikajiona nimefika.
Mpaka nilipoinama kuchukua sufuria
na nyuma yangu mtu akabana pumzi.

Kiunoni mwangu, kwa herufi kubwa:
SEMENI MCHOKE, ALIYEPENDWA NI MIMI.
Mjane alikuwa hatua nne.

Mama Tunu hakusema kitu.
Alivua kanga yake ya juu, akanifunga juu ya ile,
akakaza fundo kama anayemfunga mtoto mgongoni,
akaninong'oneza:
"Hiyo utaivaa harusini. Shika kisu, vitunguu bado."

Ile kanga yake sijairudisha.
Kila nikiipeleka, imefuliwa, imekunjwa,
ananiuliza za kazi, za ndugu, za huko kwenu,
ananipa chai, na ninarudi nayo kwapani.

Desemba nilikwenda nyumbani.
Sokoni Kibuye nikasimama mbele ya mama wa nyanya,
nikasema, bila hata kufikiri:
"Samahani mama, habari za tangu asubuhi?
Poleni na jua. Naomba nyanya."
Akaniangalia viatu.
Akaniangalia tena usoni, kwa huruma,
akachagua tatu zilizobonyea kidogo,
akanifungia kwenye gazeti.
"Chukua tu, nyathina. Weka pesa yako.
Mungu atakufungulia."

Nikazichukua.
Kwa mkono wa kulia.