Kilo Tisa

Nyuma ya mashine yangu, hapa Soroti,
maganda ya karanga yalirundikana kama kichuguu.
Kila Ijumaa niliyatia kiberiti,
moshi ukaingia kwenye nguo za majirani,
wakafoka. Nikajifanya kiziwi.

Ndipo akaja Asekenye, mwalimu wa kemia,
na magunia mawili na kikohozi.
"Mzee Etyang, usichome. Niuzie."
Nilicheka. Tangu lini taka ina bei?
Nikasema: gunia kilo kumi na mbili, shilingi mia kila kilo.
Akalipa. Hakupima.

Yeye hachomi nilivyokuwa nikichoma.
Huyafungia ndani ya pipa, huziba kila ufa kwa udongo,
moto ukazunguka nje kama mdai
anayebisha hodi na hafunguliwi.
"Ganda likipata hewa," aliniambia, "linakuwa jivu.
Likinyimwa, linabaki na mifupa yake."

Mifupa hiyo myeusi huisaga,
huichekecha kwa kitambaa cha gomesi kuukuu,
huiosha mpaka maji yakatae weusi,
kisha huipaka juu ya karatasi ya alumini
kama siagi ya karanga juu ya mkate.
Ganda limerudi kufanana na punje yake.

Mkaa ule una vyumba, anasema, vidogo kuliko macho.
Ukichaji, sodiamu, ndugu wa chumvi ya Katwe,
huingia humo kulala.
Ukiwasha taa, hutoka,
na safari yake ndiyo mwanga.

Betri ya kwanza ilikufa usiku uleule.
Ya tano ilivimba.
Ya nane, mama yake aliuliza mshahara unakwenda wapi.
Ya kumi na nne hakuniambia,
ila wiki ile hakuja kununua.

Halafu Jumanne moja, umeme umekatika,
akaingia na seli mbili zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Mizani yangu ya namba ilikuwa imelala tangu Pasaka.
Akagusisha nyaya.
Namba zikaamka, nyekundu.

"Tupime nini?"
Karibu hapakuwa na kitu ila gunia lake.
Akalipandisha.

Tisa nukta mbili.

Nilizitazama namba. Nazo zikanitazama.
Asekenye hakusema neno,
aliandika tu daftarini: volti, saa, tarehe.

Jumamosi nilimpelekea magunia matatu mwenyewe,
juu ya baiskeli, mchana kweupe.
Aliuliza bei.
Nikamwambia mnyororo umelegea, nauangalia kwanza.