Rafu ya Ofisi ya Chama

Bi Atuganile alinipa kazi kwa kunyoosha kidole tu:
boksi la sabuni chini ya dirisha linalovuja,
ndani yake majarida ya kilimo yameshikana
kama ndizi zilizoivia gunia moja,
na vipeperushi vimejikunja, vimelala kifudifudi.
"Fundi, nitengenezee mahali
pa kuviweka hivi visinizeekee."

Hapa Tukuyu ukungu ni neno moja lenye kazi mbili.
Asubuhi unakaa mlimani Rungwe,
mchana unashuka, unapiga hodi,
jioni uko kwenye karatasi, kijani, umeota manyoya.

Nikapima. Jarida: ishirini na moja kwa thelathini kasorobo.
Kipeperushi kilichokunjwa mara tatu: sentimita kumi,
nacho hakina uti wa mgongo,
ukikisimamisha kinasujudu.
Nikanunua paini ya Mafinga, kavu,
nikairanda siku mbili.
Mlango wa kioo. Kufuli dogo la shaba. Vanishi mara tatu.
Watu walikuja kulitazama kabati,
wakajiona humo, wakarekebisha vilemba, wakaondoka.

Miezi mitatu baadaye nikaenda kukaza bawaba.
Kila kitu mahali pake! Nikafurahi, mjinga mimi.
Atuganile hakufurahi.
"Mnyauko umeingia migombani kwa kina Mwambipile.
Vipeperushi vya mnyauko vililetwa hamsini.
Hesabu humo ndani."
Nikahesabu. Hamsini, vinang'aa.

Nikarudi nyumbani nikilitafuna lile jina.
Kipeperushi.
Kimeitwa hivyo ili kipepee,
nami nimekipigia kufuli.
Jarida, sawa, likae; lina namba, lina ndugu zake wa mwezi uliopita,
mtu hulirudia kama anavyomrudia shangazi.
Lakini hiki kidogo kikibaki kwangu
ni mimi niliyekosea vipimo.

Kioo nikakitoa, sasa kiko bandani, kuku wanajishangaa.
Majarida nikayapa vyumba vyembamba juu,
yasimame kwa kubanana,
maana yakipata nafasi huegemeana
kama waliotoka kwenye kimpumu.
Mgongoni nikaacha nyufa za upana wa kidole, hewa ipite.
Miguu nikairefusha shubiri na nusu,
ukungu uchoke kupanda.

Mteremko wa vipeperushi ndio uliniweka macho.
Ukisimama mno, vinasujudu.
Ukilala mno, havionekani.
Mara nne nimeng'oa misumari,
mpaka nikapata mwinamo wa mtu
aliyeegemea ukuta akisubiri kuitwa jina.
Mbele ubao mfupi, nimeukata nusu mwezi
dole gumba lipate pa kuingilia.
Safu ya mwisho ikaangukia usawa wa magoti yangu.
Sikukusudia. Mbao ziliishia hapo.

Na hiyo ndiyo iliyokwisha kwanza.
Watoto wa shule, wakijificha mvua,
walivibeba wakajalidie madaftari.
Atuganile alitaka kugomba,
kisha akamwona mama mmoja pale barazani
akisoma jalada la daftari la hesabu,
midomo ikitembea, kidole kikifuata.
Akanyamaza. Akafungua bunda jingine.

Juzi nimefungua sanduku la kazi, natafuta patasi.
Chini ya randa kuna karatasi, mikunjo mitatu, si yangu.
Pembeni, kwa penseli, mwandiko wa Tunsume: Baba soma.
Katikati, kwa herufi kubwa: VUMBI LA MBAO NA MAPAFU.

Chumba chake ni cha nne kutoka kushoto.
Nilikipima mwenyewe, nikakipiga msasa,
nikavipanga humo kwa mikono hii
nikiangalia kingo tu, kama zimelingana.

Nikakohoa kidogo, kama mtu aliyetajwa.
Nikapangusa benchi, nikaketi.
Nikaanza na picha.