Mgeni na Jembe Lake

Alhamisi ya damu, mama huamka kabla ya adhana.
Nikitoka chumbani nakuta gilasi mezani,
vidonge viwili vinazama, vinavimba, vinafumuka,
naye anakoroga kwa kijiti cha mshikaki.
Kijiko hakitaki.
"Chuma hakikorogi dawa ya chuma," asema,
na hilo hakuambiwa na daktari yeyote.

Maji yashakuwa meupe, kama ya kuoshea mchele.
"Leo si naenda kuongezwa damu?
Leo si ningepumzishwa?"
Kijiti chagonga kioo.
Nauliza hivi tangu nina meno ya utoto,
na mama hajawahi kunijibu kwa mdomo.

Aliyenijibu ni Sista Mbeyu,
siku moja akitafuta mshipa, anapigapiga kiwiko changu
kama mtu anayechagua tikiti sokoni:
"Mwanangu, kila mfuko waja na chuma chake,
na mwili haukuumbiwa mlango wa kukitolea.
Sasa wewe wataka kumpa likizo bawabu
siku ambayo wageni ndio wanaingia?"

Nikaikumbuka ile ya mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Huyu wangu hangoji ya tatu.
Anabisha hodi mkononi, jembe liko begani,
ananitia rangi kwenye kucha, ananipandisha ngazi,
na kabla sijamuuliza kwao wapi
ashaanza kulima:
ini, kongosho, moyo.
Jina lake sijui. Yule wa mwezi jana
nadhani alikuwa mtu wa pweza,
maana nilimtamani pweza wiki nzima, mimi nisiyemla.

Baba ni fundi wa mageti, Majengo.
Wodini haingii, husimama nje karibu na wauza maji,
akikagua grili za madirisha.
"Hii wameipaka rangi juu ya kutu," huniambia nikitoka.
"Hapa Mombasa! Na chumvi yote hii hewani!
Kutu husuguliwa kwanza, hata kama mteja ana haraka."
Kisha ananibebea mkoba,
na hadi nyumbani hasemi jingine.

Dadangu Shufaa alikuwa na pampu.
Sindano chini ya ngozi ya tumbo, usiku kucha,
kidude kinakoroma kando ya mto kama paka mgonjwa.
Asubuhi huniita chooni, mkojo rangi ya chai ya rangi:
"Njoo uone, leo nimekojoa misumari!"
Tukicheka mpaka mama agonge mlango.

Lakini siku za damu aliivua.
"Leo nimejaa," alisema, "leo mimi mtu kama watu,"
akajipaka hina, akaenda harusini Kuze,
pampu ikalala kwenye droo pamoja na betri na pini za buibui.
Nani angemkataza? Mashavu yake yalikuwa yanang'aa.
Alhamisi moja, nyingine, nyingine.
Sisi hatukuzihesabu.
Moyo wake ulikuwa ukizihesabu.

Droo ile haijafunguliwa mwaka wa nne sasa.

Basi nakunywa. Ladha ya chaki, ya ubao wa madarasa.
Nafikia chini, nataka kuiweka gilasi,
mama anaongeza maji kidogo, anayazungusha:
"Yamalize. Yalobaki ndiyo yenyewe."
Anakiosha kijiti, anakisimamisha dirishani
palipokuwa pakisimama viwili.

Saa nne mfuko umetundikwa, mwekundu, baridi kutoka jokofuni.
Tone la kwanza linateremka.
Karibu, mtu wa watu, namwambia kimoyomoyo.
Jembe, lakini, tutazungumza.

Na tumbo langu, lisilo na adabu,
lishaanza kunusa viazi karai
vya yule mama wa langoni.